Siku ya Kufunga Gitaa la Angustias

Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, Eulogio aliteremka karakanani kukitazama kibao chembamba alichokitundika ukutani. Hewa ikiwa na unyevu, kibao kilijipinda kama nyusi. Ikikauka, kilinyooka. Mvua ilikuwa inanyesha Granada tangu Krismasi, na kibao hakikutaka kunyooka.

"Bado," alisema akirudi juu.

"Kunywa kahawa yako," alijibu Angustias, mkewe, na kumjazia kikombe nusu tu. Siku hizi alimjazia nusu, kwa sababu mkono wa kulia wa mzee ulikuwa unatetemeka, na kikombe kilichojaa kingemwagika. Hakuwahi kusema ni kwa nini, naye Eulogio hakuwahi kuuliza.

Gitaa lililokuwa likingoja lilikuwa la Angustias. Maisha yao yote ya ndoa Eulogio alikuwa amemwahidi moja, na kila lililokamilika lilipata mtu wa kulichukua: mpigaji kutoka Sevilla, padri, Mjapani mmoja aliyelia alipoligusa. Angustias alijua nyimbo chache tu za kupiga jikoni wakati dengu zinachemka, basi hakudai. Lakini vuli iliyopita, daktari aliutaja ugonjwa wa mkono ule kwa jina lake na kusema hautarudi nyuma. Jioni hiyohiyo Eulogio alishusha kutoka darini mbao alizozificha tangu mwaka wa harusi yao.

"Hili ni lako," alisema. "Safari hii akija hata mfalme, namfukuza."

Sasa lilikuwa limebaki kufungwa tu. Uso, shingo na mbavu vilikwisha kuungana, vimelala kifudifudi juu ya benchi. Mgongo wa mti wa mberoshi ulikuwa pembeni, umekwanguliwa ukawa laini, na upande wake wa ndani ulikuwa umebandikwa karatasi yenye jina: Eulogio Barranco, Granada. Aliiandika Januari, siku ambayo mkono ulikuwa na adabu. Lakini gitaa likifungwa wakati wa unyevu, kiangazi kikija mbao hunywea na kupasuka. Ndiyo maana walingoja.

Siku kavu moja ilikuja, katikati ya Februari. Kibao kilinyooka, na mkono nao ukawa umetulia kiasi kwamba Eulogio alijinyoa mwenyewe bila kujikata.

"Mzee, funga leo," alisema Angustias.

"Hewa imekauka leo. Mbao zitakauka kesho. Mbao si shuka, mama, kwamba unaanika asubuhi unaanua mchana."

Alikuwa sahihi. Fundi yeyote wa mtaa ule angesema hivyohivyo. Kesho yake mvua ikarudi, na Angustias, akisikiliza mifereji ikibubujika, alitamani kwa siku moja tu awe ameolewa na fundi mbovu.

Machi mkono ulizidi kuharibika. Angustias alianza kutundika mashati yakiwa yamekwisha kufungwa vifungo, viwili tu vya juu vikiwa wazi, ili mumewe ayavae kwa kupitisha kichwa. Aliomba hali ya hewa ibadilike kama watu wanavyoomba mgonjwa apone. Hakuna kingine alichoweza kufanya.

Ng'ambo ya kichochoro alikaa Fermín, fundi mwenzake Eulogio. Walikuwa wakitukanana kwa upendo tangu ujana.

"We kizee! Hilo sanduku la viazi hujalifunga bado?"

"Viazi unavyo wewe, unavipaka rangi na kuviita magitaa!"

"Nije nikushikie kamba?"

"Shika mdomo wako kwanza."

Fermín alicheka, lakini hakuondoka dirishani upesi. Alijua kwa nini amekataliwa. Katika nyumba ya akina Barranco kulikuwa na sheria moja iliyoachwa na baba yake Eulogio: anayekaza kamba ndiye mwenye gitaa. Wengine wanaweza kuranda, kuchonga, kupaka gundi. Lakini mgongo unapowekwa, na kamba ndefu inapozungushwa mwili mzima wa gitaa kuubana, ni mkono mmoja tu unaofanya kazi hiyo, na jina la mwenye mkono huo ndilo linalokaa ndani.

Baada ya Pasaka upepo mkavu ulishuka. Kibao kilinyooka, na kesho yake kikabaki kimenyooka.

"Washa moto," alisema Eulogio.

Angustias alipasha gundi ndani ya kopo lililokaa katika maji ya moto. Gundi ile ya ngozi huganda upesi. Mtu ana muda mfupi kuliko wa kukaanga yai. Eulogio alipaka, akalaza mgongo, akashika kamba. Mzunguko wa kwanza ulikaa. Wa pili ulilegea. Alipofika kiunoni mwa gitaa vidole vilianza kucheza vyenyewe, kamba ikateleza, na gundi ikaganda.

Alifungua kwa kisu kilichopashwa moto, akasafisha kingo, akaanza upya. Safari hii kamba ilianguka chini. Angustias aliiokota akaiweka benchini, karibu na mkono wake.

"Nikushikie hapa tu, pembeni?"

"Usiguse."

Hakugusa. Alisimama mikono ikiwa ndani ya aproni, akiangalia kamba inavyolegea, kama mtu anayemwona mtoto akianguka upande wa pili wa mto. Mara ya tatu Eulogio hakufika hata kiunoni. Aliubandua mgongo tena, akaulaza pembeni. Aliketi.

"Mwite Fermín."

Fermín alikuja akiwa amenawa mikono, na hakuleta utani wowote. Aliuona mgongo, akaiona karatasi.

"Mimi nitakaza. Jina libaki lako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nimefanya kazi ujana wangu wote kwenye magitaa ambayo baba aliyafunga, hata moja halina jina langu. Leo sheria iwe ya wengine tu? Ing'oe."

"Siing'oi. Hata unipige."

Eulogio alinyoosha mkono mwenyewe. Kucha zilidonoa ubao kama kuku anavyodonoa punje, na akaurudisha haraka kabla haujaukwaruza. Ndipo alipomgeukia mkewe.

"Angustias. Nisaidie."

Majira yote yale ya baridi hakuwa amemwomba kitu.

"Mimi sitaki gitaa la Fermín," alisema Angustias.

"Ahsante sana, shemeji," alisema Fermín. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Najua hutaki," alisema Eulogio. "Nisaidie hivyohivyo."

Angustias alilowanisha kitambaa kwa maji ya moto, akakikamua hadi kikabaki na mvuke tu, akakilaza juu ya jina. Alingoja. Kisha akapitisha kisu cha siagi chini ya ukingo. Alitumaini karatasi itagoma, au itachanika, apate sababu ya kusema haiwezekani. Ilitoka nzima, bila taabu yoyote, ikamlalia kiganjani, na pale ilipokuwa pakabaki ubao mtupu.

Ilibidi ubao ukauke tena pale ulipoguswa na mvuke, basi walipanda juu kula dengu. Fermín aliumega mkate wote vipande vidogovidogo, kana kwamba ni mazoea yake, akausukuma katikati ya meza ambapo Eulogio angeweza kuchukua bila kumega. Angustias aliona. Alimwongezea soseji.

Alasiri Fermín alipaka gundi, akalaza mgongo, akaanza kuzungusha.

"Na karatasi yako?" aliuliza Eulogio.

"Nimeisahau nyumbani. Itapita kwenye tundu la gitaa, kesho."

"Kesho uilete."

"Nitaileta," alisema Fermín, bila kuinua macho.

Kamba ililia ikikazwa. Eulogio alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, amefumba macho, akisikiliza. "Kaza. Kiunoni polepole. Sasa kaza." Juu ya goti lake mkono wa kulia ulikuwa unazunguka, unazunguka, ukivuta kamba isiyokuwapo.

Angustias aliketi kando yake, akaweka mkono wake juu ya mkono huo, akauminya. Haukutulia. Ukaendelea kuzunguka, na wa kwake ukienda nao.