Alama ya Nyuma

Ukifika Doornfontein, hapa Joburg, ukamtafuta Parfait, usiulize fundi. Mafundi wamejaa mtaa mzima, na wengine wameuanza ufundi juzi baada ya kuikosa kazi ya ulinzi. Wewe uliza daktari, utaonyeshwa geti la bluu nyuma ya mabweni ya wanafunzi.

Udaktari wake ni wa kusoma magari. Wenye magari ya kale ya V8, yale yanayonguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini, humfuata kutoka Soweto na Boksburg na swali moja tu: hili ni lenyewe, au ni la kuungaunga? Parfait hulala chini na kitambaa chenye spiriti, akafuta uchafu wa miaka polepole, akitafuta maandishi. Maana gari linapoungwa kiwandani, mikono ya watu huliandika. Mmoja huandika namba kwa chaki ya nta kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Mwingine huirudia namba ile ile kwenye sakafu ya buti. Mwingine hutia doa la rangi kwenye nati aliyoikaza, ili anayefuata ajue kuwa imekazwa. Zulia likishatandikwa hayo yote hayaonekani tena, mpaka aje mtu mwenye subira.

"Mbele na nyuma zinapashwa kutaja jina moja," alimfundisha Pacifique. "Zikitaja mawili, iko magari mawili."

Pacifique ni mdogo wa Jeannine, mke wa Parfait. Parfait ndiye aliyemtoa Bukavu, akampa godoro sebuleni na grinda ya kukatia chuma mkononi, akamfundisha kupiga rangi na kusoma alama kama anayemfundisha mwanawe. Pacifique alimpenda shemeji yake kuliko kaka zake wa kuzaliwa nao, na hakuona haya kulisema.

Na kwa Parfait gari halitoki hivi hivi. Kwanza Mama Victoire, mwinjilisti wa kanisa lao, huliombea na kulipaka mafuta. Kisha fundi aliyelimaliza huweka kiganja juu ya boneti na kutamka mbele ya Mungu kwamba kazi yake ni safi. Mwisho, mwenye gari huendesha raundi ya kwanza, na mtoto mmoja wa Parfait hukaa kiti cha nyuma. Mtindo huo aliuanzisha Parfait mwenyewe, na wateja waliupenda kuliko hati yoyote. Nani atampakia mwanawe kwenye gari bovu? Siku hizi aliyekaa nyuma alikuwa Chloé, kitinda mimba wake, ambaye huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na ambaye raundi hizo aliziona ni za kwake kama keki ya siku ya kuzaliwa.

Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya Gichuki, Mkenya wa benki, mtu wa kicheko kikubwa. Alikuwa amelinunua Chevrolet la milango miwili hapo hapo gerejini, kwa neno la Parfait kwamba ni lenyewe, kisha akawaachia walipige rangi nyekundu. Kesho yake angempeleka binti yake Lynette kanisani kwa gari hilo, kutoka Midrand, kwa barabara kuu, bibi harusi na mama yake wakiwa kiti cha nyuma.

Pacifique alikuwa anamalizia kuliosha alipoona maji yanachuruzika chini ya buti. Mpira wa mfuniko haukukaa sawasawa. Tangu gari linunuliwe Parfait alimkataza kugusa upande huo. "Nyuma nilishamaliza mimi mwenyewe," alisema, na Pacifique hakuwa na sababu ya kuhoji. Lakini zulia likibaki na maji litanuka, na kunuka siku ya harusi ya mtu ni aibu. Akalifunua.

Sakafu ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, nzito, ya haraka, isiyofanana kabisa na kazi za Parfait. Pembeni, palipolowa, rangi hiyo ilikuwa imeinuka kama ngozi iliyoungua jua. Chini yake palikuwa na chaki ya bluu. Mia mbili sitini na nane.

Akajiambia amesoma vibaya. Akaenda mbele, akafungua boneti, akaitazama alama aliyoisafisha kwa mkono wake mwenyewe, ya njano, nzuri. Mia nne kumi na saba.

Akachukua sumaku ndogo, ile wanayopimia bodi, akapiga magoti na kuipitisha ubavuni chini ya mlango. Mbele ilinata. Ilipofika katikati, pale abiria wa nyuma anapoweka miguu, ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akajaribu ubavu wa pili, ikaanguka pale pale. Sumaku hainati kwenye filla, ule unga wa kuzibia bodi. Chini ya rangi yake nyekundu, aliyoipiga kwa majivuno na kuipiga picha akawatumia wenzake wa Bukavu, kulikuwa na nusu mbili za magari mawili zilizochomelewa zikakandikwa unga.

Alimkuta Parfait kwenye kijumba cha ofisi, anafunga tai. Siku ya kukabidhi gari hakukosa tai.

"Shemeki, nyuma kuko namba ingine."

Parfait hakuuliza namba gani. Hapo Pacifique akajua.

"Funga mlango," Parfait alisema.

Akaeleza kwa sauti ya chini huku tai ikimning'inia shingoni. Siku gari lilipoletwa alisoma mbele tu. Alama ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kuziona, furaha ikamlevya, akampigia Gichuki saa ile ile. Nyuma aliifunua baadaye, gari limeshakuwa la mwenzake, akaifunika kwa rangi nyeusi. Mganga hajigangi, na daktari wetu alikuwa amekunywa sumu ile ile aliyowakataza wagonjwa wake.

"Nilitia bamba la chuma kwa ndani," alisema. "Itashika."

"Itashika mpaka wapi? Wakigongwa kwa barabara kubwa, hii gari itavunjika katikati kama muhogo. Na bibi harusi iko ndani."

"Nani alisema watagongwa?"

"Na Chloé? Leo utamukalisha pale?"

"Ni kuzunguka bloki tu. Mpaka kwa taa za robot na kurudi." Parfait alijibu upesi mno. Alikuwa ameshalipigia hesabu jambo hilo, na Pacifique alichukizwa kuona hivyo.

"Bambie, shemeki. Usiposema weye, nitasema miye."

Parfait akaivuta tai mpaka kooni. "Kila mutu wa hii Joburg anajua Parfait hakosei. Nikisema nilikosea, kesho nani ataniletea gari? Batoto bangu watakula nini? Sema, basi. Lakini kisha useme pia utalala wapi." Kisha, kama mtu aliyeumia kwa maneno yake mwenyewe, akaongeza taratibu, "Nani alikutoa kule, Pacifique?"

Honi ililia getini kabla hajajibu.

Gichuki aliingia amemshika mkono Lynette, msichana mrefu ambaye hina ya harusi ilikuwa bado inang'aa viganjani mwake. Alipoliona gari akajifunika mdomo. Gichuki alilizunguka akicheka, akajitazama kwenye rangi, akarekebisha kola. Jeannine alikuwa ameleta sambusa. Chloé, na sare yake ya shule, alikuwa ameshasimama kando ya mlango kama askari wa zamu. Pacifique aliwatazama wote hao wanavyofurahi, akatamani ardhi immeze.

Mama Victoire akafungua chupa ya mafuta ya zeituni. Akapaka boneti, akapaka usukani, akaomba kwa Kifaransa na Kiswahili, akafunga barabara zote kwa damu ya Yesu. "Amina," wakaitikia.

"Sasa fundi," akasema. "Weka mukono."

Pacifique alikuwa ameificha mikono yake nyuma. Hakuitoa. Jeannine akamkazia macho mdogo wake.

"Anaona haya mbele ya bibi harusi," Parfait alisema akicheka. Akasogea, akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya boneti. "Mbele ya Mungu, kazi hii ni safi."

"Amina!" Sauti ya Gichuki ilikuwa juu kuliko zote. Pacifique alikitazama kile kiganja.

Chloé akainamisha kiti cha mbele, akapenya nyuma, akajifunga mkanda. Gichuki akaketi kwenye usukani, akawasha. Injini ikanguruma, sahani ya sambusa ikacheza mezani.

"Ati kuzunguka bloki?" Gichuki alipaza sauti dirishani. "Na V8? Zii! Wacha tupande M2, nikaisikie huko mbele. Kesho nataka nisiwe mgeni. Ama namna gani, Chloé?"

Chloé alipiga makofi.

Ijumaa saa kama hiyo malori hushuka barabara kuu ya M2 kama yanayokimbizwa. Gari likaanza kwenda taratibu kuelekea getini. Mama Victoire akalipungia. Pacifique alimtazama shemeji yake mara moja ya mwisho, akimsihi kwa macho, akaona mtu aliyesimama kama amegandishwa kwa sementi. Basi akakimbia. Alilipita gari, akasimama katikati ya geti, na ile mikono aliyoificha akaiweka yote miwili juu ya boneti.

Breki zikalia. Boneti ilimgusa mapaja.

"Haiya, fundi!" Gichuki alicheka, ingawa si sana. "Umekumbuka kuapa?"

Pacifique hakuiondoa mikono. Moyo ulikuwa unampiga kwa nguvu kiasi kwamba hakujua ni wake au ni injini chini ya viganja. "Shemeki," akaita, bila kupaza sauti. "Mutoto wako."

Parfait alitembea. Alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake, mpaka akafika mlangoni, akaufungua, akainamisha kiti. Chloé alilalamika kwa Kiingereza kwamba hii ni raundi yake, kwamba alishaahidiwa. Baba yake akafungua mkanda, akamtoa, akambeba kifuani kama kichanga, miguu mirefu ya mtoto ikining'inia. Hakumweka chini.

Gichuki akazima injini. Mtu wa benki huelewa haraka anapofichwa kitu. Alishuka, akamtazama Parfait, akamtazama Chloé kifuani pake, kisha akageuka kumtafuta Lynette, aliyekuwa amesimama kando ya meza na sambusa aliyoing'ata mara moja.

"Wako umemtoa," alisema polepole. "Na wangu?"

Parfait alilia, machozi ya mtu mzima yasiyo na sauti, mbele ya mkewe na mteja wake. Akamkabidhi Jeannine mtoto. Akalegeza tai, akafungua boneti, akainama.

"Mbele," akasoma kwa sauti, ile sauti yake ya kila siku anayowasomea wateja, "mia nne kumi na saba." Akazunguka, akafungua buti, akalivuta zulia lililolowa na kulitupa sakafuni. "Nyuma, mia mbili sitini na nane." "Iko magari mawili. Nilijua. Nilikufichia."

Gichuki hakutukana. Alikwenda akamshika binti yake begani, akamshika sana.

Parfait akachukua grinda ukutani, akampa Pacifique. "Kata hapa kati," alisema. "Baone kwa macho yao."

Pacifique akavaa miwani, akapiga magoti, akaanza kuikata ile rangi nyekundu aliyoipiga mwenyewe.