Mstari wa Kumi na Saba

"Kumi na sita," nikasoma, rula ikiwa chini ya mstari. "Mia moja na arobaini."

"Mia moja na arobaini," Mama Rula akaitikia kutoka upande wa pili wa meza, akatia alama ya vema kwenye nakala yake.

Idara ya Elimu ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Mkurugenzi alitaka kitabu cha historia ya Idara, tangu enzi za vyumba vitatu na taipureta moja hadi ghorofa tano na wakaguzi wa shule kila wilaya. Mama Rula, karani aliyekwisha kustaafu, aliitwa tusaidiane kuhesabu waliofaulu kila mwaka. Mimi nilisoma daftari la alama. Yeye alifuata nakala za orodha zilizopelekwa shuleni, namba tupu bila majina. Vijana wa ofisi walimtania kwamba hata chai anaipima kwa rula. Aliwajibu kwamba jicho likisoma peke yake husinzia, ndiyo maana kazi hii ni ya watu wawili.

Ukurasa ule ulikuwa wa shule yangu, mwaka wangu. Sikumwambia. Nilijua nitakachokikuta: namba kumi na saba, ameanguka. Siku matokeo yalipokuja, baba alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Mama alisema kichwa changu kizito lakini mikono yangu myepesi. Nikaingia Idarani kama mfagiaji, nikajifunza mafaili kimyakimya, nikisoma kila kitu mara tatu, kwa kuwa niliamini akili yangu haina mbio.

"Kumi na saba," nikasema. "Mia mbili na kumi na mbili. Amechaguliwa."

Kalamu yake haikugusa karatasi.

"Soma tena, baba."

Nikasoma tena. Nilifuata kila tarakimu kwa ncha ya kidole.

"Huku ni tisini na nne," akasema.

"Kumi na nane: tisini na nne."

"Huku mia na thelathini."

"Kumi na tisa: mia na thelathini."

Hatukuhitaji kuendelea, lakini tuliendelea. Rula ya aliyenakili ilikuwa imeteleza mstari mmoja, na kila mtoto akapewa alama za jirani yake wa chini, mpaka wa thelathini, ambaye hakubakiwa na za kupewa. Huyo aliandikiwa kwamba hakufika kwenye mtihani.

Mwandiko wa nakala ulikuwa wake. Zile tarakimu za nne zenye mkia nilikuwa nikiziona kila siku.

"Miaka hiyo nilinakili peke yangu," akasema. Akavua miwani, na bila miwani alikuwa mtu nisiyemjua. "Watoto kumi na wanne. Huyu wa kumi na saba, sijui yuko wapi."

Miaka imepita, na bado najiuliza hasira yangu ilikuwa imejificha wapi saa ile. Niliitafuta, nikakuta kofia ya baba tu, na vumbi likiitoka.

"Hayuko mbali," nikamwambia.

Alivaa tena miwani, akanitazama. Kisha akanyoosha mkono, akaisogeza rula yangu taratibu, akailaza chini ya mstari wa kumi na saba, na kuikandamiza kana kwamba ingeweza kukimbia tena.

"Usilifunge daftari," akasema. "Mwaka ule nilinakili orodha za shule arobaini na moja. Kesho njoo mapema, mwanangu, tuanze ya pili."