Kanu wa Dari la Mkunga

Walimwita Dakika Saba. Jina hilo alijipachika mwenyewe, kisha akajifanya kushangaa watu walipoanza kulitumia. Kazi yake ilikuwa kuwaondoa wanyama waliohamia nyumba za watu bila kukaribishwa: popo paani, nyoka bafuni, kenge chini ya tangi la maji, nyuki ndani ya spika. Wakati mmoja, kwa maelezo yake, alimtoa chatu mrefu kiasi kwamba kichwa kilishaingia garini na mkia bado unamalizia usingizi jikoni. Hapo tumepunguza, mwenyewe alisema magari yalikuwa mawili.

Jumapili hiyo asubuhi hakuwa na hamu ya kusimulia lolote. Alichuchumaa koridoni kwa mkunga mstaafu, akainua pembe ya gunia lililofunika mtego wa waya. Ndani alikuwamo kanu, yule mnyama mwembamba wa madoadoa na mkia wa mapete, mfano wa paka aliyevutwa huku na huku mpaka akarefuka. Dakika Saba hakuwa na haja na madoa. Alitazama ncha ya mkia. Manyoya yalikuwa yamekatwa, tena mara mbili, mkato juu ya mkato.

Mikato yote ilikuwa yake. Kila mnyama aliyemkamata alimpunguza manyoya ya mkia kwa mkasi mdogo kabla hajapelekwa msituni. Ofisi ya wanyamapori ilitaka hivyo. Na sharti la ofisi lilikuwa fupi: mnyama yule yule akirudi nyumba ile ile mara mbili, basi hukumfikisha msituni, umemmwaga njiani, na kibali chako kinachukuliwa. Bila kibali, Dakika Saba angekuwa mtu anayepanda mapaa ya watu, na watu wa namna hiyo wana jina lao.

Jumatatu alimkamata. Alhamisi akamkamata tena. Leo huyu hapa, anamkodolea macho kama vile Dakika Saba ndiye aliyeingia kwa watu bila hodi.

"Ndiye yule yule?" mkunga aliuliza.

"Hawa wanafanana, mama."

"Wanaofanana ni watoto wachanga, na hata hao nilikuwa siwachanganyi. Niambie ukweli, mwanangu. Unamleta mwenyewe?"

"Mimi!"

"Unamfungulia hapo konani, unasubiri simu yangu. Nilikuwa na fundi friji wa hivyo hivyo. Akitengeneza hiki, anaharibu kile."

Dakika Saba aliapa kwa kila alichokikumbuka. Moyoni hakuona haya sana, maana yeye naye alimshuku huyu mama tangu Alhamisi. Mjane, nyumba kubwa, maongezi hayaishi. Nani ajuaye kama hamtupii mnyama vipande vya samaki darini ili apate wa kuja kuongea naye? Alikwisha kunusa ndoo ya taka jikoni, akisingizia anafuatilia panya. Hakukuta hata mwiba.

Basi aliyebaki alikuwa mmoja: shemeji.

Shemeji, kaka wa mkewe, ndiye aliyeendesha pikapu. Mkubwa wa tumbo, mchache wa maneno. Dakika Saba mwenyewe hakwenda msituni, barabara ile ilimuumiza mgongo. Alikamata, akafunika gunia, akakata mkia, akapakia. Kilichofuata kilikuwa kati ya shemeji na Mungu. Na sasa, alivyozidi kufikiri, ndivyo mambo yalivyozidi kunuka. Alhamisi shemeji aliondoka na kurudi haraka mno. Matairi hayakuwa na tope. Kifuani alikuwa na makombo ya mkate. Dakika Saba alitoka uani, akageuka ukutani, akampigia simu ofisa wa wanyamapori.

"Dereva wangu anamwaga wanyama njiani," alinong'ona. "Njoo ushuhudie mwenyewe. Mimi sihusiki."

Ndipo akamwendea shemeji, aliyekuwa ameegemea pikapu.

"Shemeji, Alhamisi yule mnyama ulimfungulia wapi?"

"Msituni, ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Pale pa siku zote."

"Ulirudi mapema."

"Barabara ilikuwa nyeupe."

"Na matairi makavu."

"Mvua haijanyesha wiki ya pili hii. Ulitaka niyamwagie maji?"

"Na mkate? Mtu anatoka msituni na makombo kifuani, mkate kaupata wapi?"

"Kwa dada yangu. Alinifungia wa kula njiani. Kwani wewe hakukufungia?"

Hakumfungia. Jambo hilo nalo Dakika Saba aliliweka akibani, litachunguzwa kwa wakati wake.

"Nimeshaita ofisa," alisema. "Utamweleza yeye."

Shemeji alifunga mlango wa pikapu. "Miaka kumi na moja nakubebea mizigo inayouma, shemeji. Haya. Atanikuta. Ila utayasema hayo mbele yangu, si ukutani."

Dakika Saba alirudi ndani, akakuta mkunga ameketi sakafuni na gunia liko pembeni.

"Nani kakwambia uliondoe? Mnyama hutulia gizani!"

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini na minane, sijapata kumwona mzazi amefunikwa gunia. Njoo utazame tumbo hili."

Kanu alikuwa amesimama, ameegemea waya. Chuchu zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, na manyoya yaliyozizunguka yamelowa na kulala.

"Ananyonyesha huyu," mkunga alisema. "Ulipomtoa Jumatatu, watoto uliwatafuta?"

Dakika Saba aliirudia Jumatatu kichwani. Mtego aliuweka mlangoni pa dari, mnyama akaingia, gunia, mkia, gari. Dakika saba. Kuingia ndani ya dari na kutambaa mpaka mwisho kungechukua saa nzima, na nani angemwita mtu Saa Nzima?

Akapanda ngazi.

Darini kulikuwa na joto la kukaanga. Alitambaa juu ya mbao, akipita antena mbovu na madaftari ya kliniki yaliyoliwa na mende, mpaka nyuma ya bomba la maji. Pale, ndani ya godoro kuukuu lililochimbwa shimo, walikuwa wawili. Wadogo kama ngumi, mbavu nje nje, macho yamefunguka. Mmoja akamfyonyea kwa hasira zote alizokuwa nazo, kisha akaanguka ubavu kwa udhaifu.

Kutoka machimboni mpaka hapa kuna mto, kuna barabara kuu, kuna mbwa wa mitaa mitatu. Mama yao alikuja kwa miguu. Mara mbili.

Chini pikipiki ikazima. Akasikia sauti ya ofisa, mwanamke asiyependa utani, ikimwuliza mkunga mwito ulihusu nini.

Dakika Saba alilala kifudifudi, akapiga hesabu ya haraka. Akishuka mikono mitupu akasema darini hakuna kitu, nani atapanda kuhakikisha? Chuchu bila watoto si ushahidi. Mkia una mikato miwili, dereva ndiye aliyebeba, kibali kinabaki. Shemeji atapata kazi nyingine. Dereva hakosi gari. Na hawa wawili, vile walivyokuwa, wasingefika kesho kutwa.

Aliwavulia shati, akawafunga, akarudi kwenye tundu la dari. Ngazi haikuwepo. Shemeji alikuwa ameiweka begani, ametulia kama nguzo.

"Sema huko huko juu, shemeji. Ukishuka chini utapata maneno mengine."

Ofisa aliinua uso. "Umeniita kuhusu dereva. Nakusikiliza."

Kichwa cha Dakika Saba kilikuwa kimening'inia tunduni, vumbi puani, jasho likimdondokea mkunga.

"Dereva alimfikisha," alisema. "Mara zote mbili. Mnyama alirudi mwenyewe. Niliacha watoto wake huku juu."

"Kwa nini hukuwatafuta?"

"Ningechelewa."

"Kuchelewa wapi?"

Dakika Saba aliteremsha shati tunduni. Mkunga alipanda juu ya kiti, akanyoosha mikono, akapokea shati na waliomo, akawaingiza mtegoni mmoja baada ya mwingine kwa mikono isiyotetemeka. Kanu alisahau kuuma. Alijikunja, akawavuta chini ya tumbo.

Ofisa aliandika akiwa wima. Miezi mitatu bila kibali, kisha mtihani upya. Jina la shemeji akalifuta kwa mstari mmoja.

Shemeji akabeba mtego, akauweka mbele kwenye pikapu, juu ya kiti chenyewe. Akarudi, akasimamisha ngazi, lakini mguu mmoja akaukanyaga pale pa kushukia.

"Kabla hujashuka. Ofisa ulimnong'oneza kwamba namwaga wanyama. Mpigie na dada yangu, kwa sauti, nisikie."

"Shemeji, huku kuna joto..."

"Naona."

Dakika Saba akapiga. Mkewe alipokea haraka, akauliza mbona leo simu mapema hivi, kuna nini.

"Ni kuhusu kaka yako," Dakika Saba alisema.

"Amefanya nini kaka yangu?"

"Yeye hajafanya kitu. Ni mimi. Tafuta pa kukaa, nikueleze."

Shemeji akaondoa mguu.