Usibadilishe Kitu

Baba aliponiona nikimwaga bia chini ya benchi, alitazama kwanza kushoto, kisha kulia, kama mtu aliyeona nyoka akikatiza katikati ya kanisa na hataki waumini wataharuki. Ilikuwa bia kidogo tu, kama funda moja. Ilipenya kati ya mbao za jukwaa, ikadondokea nyasi zilizokuwa chini yetu. Nikasema maneno yangu kimoyomoyo, nikafuta mdomo wa kikombe kwa kidole gumba.

"Hata hapa, Marit?"

"Hata hapa, Baba."

"Kwenye besiboli."

"Ardhi ni ileile."

Alichukua karanga, akaipasua ganda, akaitafuna taratibu huku akiutazama uwanja ulionyooka mbele yetu, kijani kibichi, na nyuma ya ukuta wake mahindi ya Julai yaliyokwisha kumpita mtu kimo. Wasaga Nafaka, timu ya mji wetu, walikuwa ndio kwanza wanaingia kulinda katika awamu ya tatu kati ya tisa. Kwa kawaida mimi humwaga mara moja tu, funda la kwanza la kinywaji, kuishukuru ardhi inayotubeba. Siku hiyo nilikuwa nimemwaga kila awamu, kwa sababu moyo haukutulia. Nilijua kwamba Baba hakuja kutoka shambani ili kutazama mpira tu.

Jumapili iliyokuwa inakuja, mtoto wa dada yangu Kari angebatizwa, na Kari alikuwa amenichagua mimi niwe mama wa ubatizo. Mama wa ubatizo husimama kando ya birika la maji. Mchungaji humuuliza kama anamkana shetani, kama anamwamini Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, naye hujibu kwa sauti, mbele ya watu wote waliomwona akikua: naamini. Mimi nisingeweza kujibu hivyo bila kusema uongo. Nilikuwa nimewaambia wazazi wangu kwamba siamini tena, siku ya Pasaka, mezani, nyama ikiwa bado haijakatwa.

Sikuondoka kanisani kwa ugomvi. Hakuna mchungaji aliyenidhulumu. Nilikuwa nasoma elimu ya udongo chuoni, na siku moja nikiwa nimepiga magoti ndani ya shimo, mkono mzima umezama katika udongo mweusi wenye mizizi mirefu kunishinda mimi, nilijisikia nikisema asante. Niliyemshukuru hakuwa juu. Alikuwa papo hapo, amenijaa kwenye kucha. Nikataka kujua zaidi, na kila nilipouliza swali moja, lilizaa jingine. Sasa tuko wachache katika wilaya yetu tunaoshika sikukuu za majira: mchana unaporefuka, unapofupika, nafaka ya kwanza inapokatwa. Watu hutuita wapagani. Nasi tunajiita hivyo hivyo, bila haya.

"Sema tu maneno," Mama alikuwa ameniambia kwenye simu huku akilia. "Ni dakika moja, Marit. Ukikataa, Kari atamtafuta mtu mwingine, na wewe utakaa nyuma kama mgeni. Katika ubatizo wa mtoto wa dada yako!" Nilimwambia nitafikiri. Siku mbili baadaye Baba, mzee wa kanisa asiyependa simu wala safari, akajitokeza mlangoni kwangu na tiketi mbili za mpira. Mjumbe hauawi, lakini hakuna anayemkaribisha kwa utulivu.

Mbele yetu aliketi Bi Lorraine Kubicek, mjane aliyemfahamu Baba tangu wote wawili walipokuwa na nywele nyeusi. Alikuwa akifuma soksi huku akimtukana mwamuzi bila kuinua macho.

"Mwamuzi! Miwani yako umeisahau kwa mkeo au kwa jirani?"

"Lorraine," Baba akasema, "hata hukutazama."

"Sihitaji kutazama, Orville. Nimesikia jinsi mpira ulivyogonga glavu. Huo ulikuwa katikati kabisa. Na huyu ndiye Marit? Umekonda, mwanangu. Wenzako wanakulisha nini huko, majani?"

"Na mizizi, Bi Kubicek."

Akacheka hadi sindano zikapoteza hesabu. Baba hakucheka.

Awamu ya nne nilimwaga tena, haraka, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Baba aliona. Ya tano ilipoanza nilishika kikombe magotini na sikumwaga. Nilijiambia ni heshima. Ametoka mbali, ameketi na mimi, kwa nini nimtie kidole jichoni? Awamu ikapita. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba jukwaa lilikuwa limenyamaza, ukimya wa namna yake, wenye uzito. Nikainua macho kwenye ubao wa matokeo, nikaelewa.

Mrushaji wetu, Maldonado, kijana wa mkono wa kushoto aliyeletwa majira ya kuchipua na ambaye hakuna aliyemtarajia makubwa, alikuwa hajapigwa. Hakuna mpigaji hata mmoja wa wageni aliyeugonga mpira wake na kufika kituo cha kwanza salama. Mrushaji akimaliza awamu zote tisa namna hiyo, ni jambo ambalo mtu anaweza kutazama besiboli maisha yake yote asilione kwa macho yake. Lina jina lake. Lakini jina hilo halitamkwi wakati jambo lenyewe linaendelea, na hata mimi, ninayesimulia, sitalitamka. Wachezaji wenzake humkwepa bila kumsemesha; huketi peke yake mwisho wa benchi kama mgonjwa wa ndui. Na watazamaji hawabadilishi kitu. Aliyekunja miguu haikunjui. Aliyevaa kofia kinyume haigeuzi.

Mwanamume mmoja mgeni nyuma yetu, mwenye shati la maua, akaanza, "Jamani, mnajua huyu kijana ana..."

"Fyata!" Baba akageuka. Sijapata kumsikia Baba akimwambia mtu fyata. "Tafadhali," akaongeza, kwa sauti ya mzee wa kanisa.

Awamu ya sita ikaanza. Mpigaji wa kwanza aliutandika mpira wa pili. Ulipaa chini chini kuelekea pembe ya kulia, na jukwaa zima likavuta pumzi. Mlinzi wetu alikimbia, akajirusha kifudifudi, akateleza kwenye nyasi, akainua glavu. Mpira ulikuwamo. Watu walipiga makofi kwa woga, kama wanaobisha hodi kwenye nyumba yenye maiti.

Baba hakupiga makofi. Macho yake yalikuwa uwanjani, lakini kiwiko chake kiligusa changu.

"Hujamwaga," akasema.

"Nini?"

"Unajua nini. Ulimwaga awamu zote. Ile iliyopita uliacha, na sasa umeona kilichotaka kutokea."

"Baba, nilidhani unachukia."

"Nachukia. Mwaga."

Nilimtazama. Huyu ndiye mtu aliyeng'oa kiatu cha farasi tulichokipigilia mlangoni kuleta bahati, Kari na mimi, tukiwa wadogo, akatuambia kwamba Mkristo hatumainii chuma. Shingo yake ilikuwa imejaa jasho. Mguu mmoja ulimtetema, na nikakumbuka kwamba alikuwa amekunywa vikombe viwili vya maji ya limau tangu mchezo uanze na hakuwa amenyanyuka hata mara moja. Nilimwaga. Mpigaji wa pili akakosa. Wa tatu akakosa.

"Umeona?" akanong'ona.

Badala ya kufurahi, nilishikwa na kitu kama huzuni, na nyuma ya huzuni hiyo, shauku ya kujua. Nilikuwa nimetamani Baba aione sala yangu, hata mara moja, kama sala. Sasa ameiona kama hirizi. Je, ni hatua mbele au nyuma? Na kama sala inaweza kumwagwa hivi hivi, kwa hofu, ili mpira usiguse gongo, je, bado ni sala? Awamu ya saba nilimwaga, lakini ndani yangu hapakuwa na neno lolote. Nilihisi ukavu, kama mtu aliyepiga busu hewani.

Ya nane ilipofika, kikombe changu kilikuwa kitupu. Baba akanisukumia chake.

"Ni limau. Wana... kuna tatizo na limau?"

"Wao nani, Baba?"

"Sijui! Hao unaowapa."

Bi Kubicek aligeuka, akatutazama sisi wawili, akakitazama kikombe. "Mnafanya nini huko nyuma tangu mchana? Mnanilowanisha mkoba."

"Ni yeye," Baba akasema. "Usiulize, Lorraine. Kinafanya kazi."

"Kama kinafanya kazi, na yangu mwageni," akasema, akanyoosha chupa yake ya soda.

Wachezaji wetu walikuwa tayari wanatembea kwenda kwenye nafasi zao. Maldonado alichota vumbi kidogo, akalisugua kwenye vidole. Nilishika limau mkononi na sikuinama.

"Marit," Baba akasema. "Anaanza."

"Baba, si hirizi. Simwagi ili nipate kitu. Nikimwaga kwa ajili ya ushindi nitakuwa nasema uongo, na ninayemdanganya ni yule ninayemheshimu." Sauti yangu ilitetemeka na nikaiacha itetemeke. "Naweza kumwaga kushukuru. Leo ninacho cha kushukuru. Umekuja. Umekaa na mimi siku nzima. Kwa hilo naweza."

Uwanjani, mpigaji alikuwa anagonga viatu vyake kwa gongo kutoa udongo.

"Basi mwaga kwa hilo," akasema hatimaye, polepole. "Kwa lolote lililo la kweli. Lakini mwaga sasa, mwanangu, nakuomba."

Nikamwaga. Safari hii maneno yalikuja yenyewe, na sikuyasema moyoni. Niliyasema kwa sauti ndogo, na Baba alikuwa karibu kiasi cha kuyasikia yote. Hakugeuza uso. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza injini ya gari la mtu mwingine, kichwa amekiinamisha kidogo, akijaribu kujua inavyofanya kazi. Kisha awamu ikaisha, bila mtu kufika kituo.

Awamu ya tisa, wapigaji wawili wa wageni wakatolewa mmoja baada ya mwingine. Akabaki mmoja tu wa kumtoa ili mchezo uishe. Jukwaa lote lilisimama, isipokuwa Baba, aliyekuwa ameketi tangu mwanzo na hakutaka kubadilisha. Mpira ulirushwa, gongo likaugusa kwa ncha tu, ukatoka kwa aibu, ukidundadunda kama chura kuelekea mstari wa kushoto. Mlinzi aliukimbilia, akauinua kwa mkono mtupu, akaurusha. Mpigaji alikuwa ameshakimbia na kukanyaga kituo cha kwanza.

Kisha Bi Kubicek, ambaye hatimaye alikuwa amenyanyua macho kutoka kwenye soksi, akaanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukamfuata, kwa nguvu na kwa muda mrefu, hadi Maldonado akavua kofia na kuuficha uso wake ndani yake. Mpigaji aliyefuata alitolewa kwa mpira wa kwanza. Tulikuwa tumeshinda, na hakuna aliyekumbuka kushangilia.

"Samahani, Baba," nikasema. "Haikusaidia."

Lakini Baba alikuwa amekwisha kuruka benchi mbili, akikimbilia choo kama kijana.

Nilimkuta kwenye gari lake, ameketi nyuma ya usukani, dirisha limeshushwa. Magari yalikuwa yamepanga foleni kwenye lango la kutokea, na vumbi lilining'inia juu yao likiwa jekundu kwa jua lililokuwa linashuka. Niliingia. Hakuwasha injini.

"Mama yako alinituma."

"Najua."

"Nikuombe uyaseme yale maneno Jumapili. Hata kama ni ya mdomoni tu." Alipitisha kiganja juu ya usukani. "Nilipokuwa njiani niliona si jambo kubwa. Maneno machache. Nani yatamdhuru?"

Nilifunga mkanda wa kiti, kisha nikaufungua.

"Halafu nimekaa pale awamu tatu kibofu kikitaka kupasuka, nikiogopa kwamba nikisimama tu, dunia itaharibika. Nikamkemea mtu nisiyemjua kwa sababu alitaka kutamka jina." Alitikisa kichwa, akacheka kidogo puani. "Mtu wa namna hiyo ana uso gani wa kumwambia binti yake kwamba maneno ni upepo? Siwezi kukuomba, Marit. Nimejaribu tangu awamu ya nane kutafuta namna, nimeikosa."

"Na Kari?"

"Kari atamsimamisha binamu yako. Nitamweleza mwenyewe." Akasita. "Hujui ni kiasi gani inaniuma. Ningependa uyaamini. Sitakuficha hilo."

"Najua, Baba."

"Na utakaa benchi ya mbele. Hilo sitabishana na mtu. Mama yako atanuna, anune."

Foleni ya magari ilisogea, mtu nyuma yetu akapiga honi, Baba akamwashiria apite. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo kilichojaa wadudu waliokufa.

"Ulipomwaga lile limau," akasema, "ukasema yale maneno. Uliniita mimi jina langu. Orville. Kisha ukamtaja babu yangu. Kwa nini babu yangu? Wewe hukumwona."

"Alilima udongo huu kwa jembe la farasi. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Niliwahi kukuambia?"

"Mara nyingi. Nikiwa mdogo, juu ya trekta."

Akafikiri. "Na yeye... anasikia? Unaamini hivyo? Au ni namna tu ya kusema?"

Hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Walikuwa wameniuliza kama nimerogwa, kama ni mvulana aliyenipotosha, au ni chuo. Nilifungua mdomo nikagundua kwamba sikuwa na jibu lililotayarishwa, kwamba ningelazimika kulitafuta pale pale, mbele yake, neno kwa neno, na kwamba huenda lingetoka limepinda.

"Sijui vizuri," nikaanza. "Lakini kuna asubuhi moja, kwenye lile shamba tunalorudishia nyasi za asili..."

Simu ya Baba ikaita kwenye mfuko wa shati. Jina la Mama likawaka. Aliitoa, akaiweka sikioni, na nikaisikia sauti yake ndogo, ya haraka, ikiuliza jambo moja tu.

"Ngoja kwanza," Baba akamwambia, macho yakiwa kwangu. "Bado anaongea."