Uso wa Bibi Uji

Nasinzia mezani, darasa la tano, shavu juu ya karatasi za manila, na sioni haya kusema, maana tumbo likishajaa uji wa Bi Zaituni, mpishi wetu ambaye watoto humwita Bibi Uji, halijui mwalimu wala mwanafunzi. Picha niliyoilalia ni yake mwenyewe. Jioni hii tunamuaga, anarudi kwao Kondoa kulea mjukuu, na darasa langu limeamua kumpa picha. Mimi nikajifanya mjanja, nikaona hapo hapo nifundishe na somo: kundi la mistari, la maumbo, la rangi, la mwanga na kivuli, na kundi la mguso, ambalo limebandika vipande vya kitenge na gunia ili ukipapasa usikie nguo. Kila kitu kimekaa sawa, mkono, upawa, sufuria, hadi kibwebwe kiunoni. Uso ndio haupo. Watoto wamegoma kuuchora, eti Mwalimu, hatuukumbuki, na nilipochukua penseli niwaoneshe, kumbe na mimi siukumbuki. Miaka yote hii ananinywesha mtu ambaye pua yake siijui. Nitampa nini jioni, mwanamke asiye na kichwa? Nafumba macho kidogo tu, nifikirie.

Mstari wa penseli ulio chini ya pua yangu unaanza kutembea, naufuata kwa macho, halafu kwa miguu, na sijui saa ngapi nimeshuka mezani. Ni barabara, inapinda, inajirudia, inapita pale pale ilipopita, na nikiangalia vizuri ni foleni, watoto na vikombe vyao mmoja nyuma ya mwingine hadi macho yanapochoka. Namuuliza Tausi, mwanafunzi wangu asiyeishiwa maneno, hii inakwenda wapi? Anajibu bila kugeuka, panga foleni kama wenzako, Mwalimu, utajua. Napanga. Foleni inaingia mjini, na nyumba za mji ni vikombe vilivyofunikwa, na chini ya mji upo mji mwingine kama huo, miguu juu, kwa sababu barabara imemwagikiwa uji na uji unang'aa kama kioo. Nampungia mkono yule mimi wa chini, hanipungii, yeye anaangalia sufuria. Rangi hazijakauka. Naegemea ukuta, bega la shati linakuwa bluu, na mke wangu atanisema.

Kwenye kona amesimama mwanamke wa kitenge na gunia, upawa mkononi, na juu ya shingo ni manila tupu. Namjua papo hapo. Shikamoo Bi Zaituni. Marahaba, anasema, sijui kwa mdomo gani, umechelewa kama kawaida yako, uji unaanza kuganda. Namwomba uso wake, hata wa kuazima. Anacheka hadi gunia linakwaruza. Uso wangu uko mahali usipowahi kusimama, anasema. Tunatembea, mji unageuka, kona tuliyoiacha inatutangulia. Nauliza, uko kwenye mwanga? Mwanga ni wa kuni, anasema. Kwenye kivuli? Kivuli ni mvuke tu, endelea kutafuta, halafu anasema, ninacho kitu nampa kila mtu na mimi sijawahi kupewa. Hapo moyo unaniuma, maana nampenda huyu mama. Asubuhi niliyofika shuleni mgeni, natetemeka kwa baridi, alinijazia kikombe kabla hajaniuliza jina.

Sufuria tunaikuta mwisho wa foleni, kubwa kama darasa, na nyuma yake hakuna mtu. Watoto wananitazama mimi. Basi nazunguka, nasimama pale nisipowahi kusimama, nanyoosha mkono, naye Bi Zaituni ananipa upawa bila ubishi na kwenda kupanga foleni na kikombe chake. Kumbe huku ndiko anakoonea mambo. Vichwa vyote vimeinama, macho yote yako kwenye upawa, hakuna anayeinua uso kumtazama anayegawa. Namjazia hadi ukingoni. Anapokea kwa mikono miwili, na manila inaanza kujikunja, kunyanzi moja, ya pili, kovu dogo kwenye nyusi, anainua kichwa, na

Mwalimu, Mwalimu, ni Tausi ananitikisa bega. Jua bado liko ukutani. Picha haina uso. Ila mkononi nimeshika upawa, wa moto, unadondosha, na mchana nilimwona Bi Zaituni akiuosha na kuutundika. Siulizi. Naenda jikoni, darasa zima nyuma yangu na penseli, na sufuria, ambayo mchana ilikuwa imeoshwa na kufunikwa chini, sasa iko juu ya moto inatoa mvuke. Najaza kikombe. Bi Zaituni amekaa juu ya ndoo mlangoni, anakunja kibwebwe chake cha mwisho. Napiga goti. Karibu uji, mama.

Anapokea kwa mikono miwili, anakunywa, anainua uso, na kunyanzi ni zile zile, na kovu lipo pale pale kwenye nyusi, na machozi yanashuka polepole kupita mashavuni. Nasikia penseli zinakwaruza. Sukari imezidi, anasema, na mimi sufuria nilishaosha, huu uji nani kapika?

Natazama bega langu. Ni bluu.

Chora, namwambia Tausi, chora upesi mwanangu, kabla sijaamka.