Krupa Apokea Kijiti

Bhoke alihama Isaka bila kumuaga mtu. Baba yake alisikia kwamba kuna machimbo mapya ya dhahabu huko Geita, akaipakia familia nzima kwenye lori la mahindi alfajiri, na Jumatatu asubuhi nafasi ya Bhoke kwenye dawati ikawa wazi. Lakini darasa la tano halikulilia dawati. Bhoke alikuwa mkimbiaji wa tatu katika mbio za kupokezana vijiti za wasichana, na mashindano ya shule za tarafa yalikuwa mwezi uliofuata, tena hapohapo Isaka.

"Krupa," akasema Mwalimu Melania, mwalimu wa michezo, "wewe utakimbia nafasi ya Bhoke."

Darasa likaangua kicheko. Krupa naye akacheka, akidhani ni utani. Yeye alikuwa binti wa Mihir, mwenye duka karibu na stesheni, na kila kipindi cha michezo kazi yake ilikuwa kukaa kivulini kulinda viatu vya wenzake huku akitafuna biskuti. Hata kutoka duka la baba yake hadi shuleni alikuwa akifika anahema.

Mwalimu Melania hakucheka. "Wiki iliyopita nilikuona ukimfukuza mbuzi aliyekimbia na mtandio wa mama yako. Ulimkamata. Nimewaona wengi wakifukuza mbuzi hapa mjini, wanaowakamata ni wachache. Jioni uje uwanjani."

Krupa alikwenda, na alikiona cha mtema kuni. Alikuwa amekunywa soda mbili tangu mchana, na kabla hajamaliza nusu ya uwanja kichomi kilimshika ubavuni, akajikunja kama panzi. Aliyekuja kumshika mkono ni Mageni, msichana mwembamba wa kijijini aliyekuwa na mbio kuliko wote shuleni. Ndiye aliyekuwa akimalizia mbio.

"Vuta pumzi polepole," Mageni akamwambia. "Hata mimi kilinishika mwanzoni."

Krupa akapata hamu ya kurudi kesho yake. Akarudi, na siku iliyofuata pia. Jioni moja, wakati wakipeana kijiti, Mageni akayumba, akaanguka chini. Wasichana wakamzunguka. Mwalimu Melania akapiga magoti kando yake, akamlegezea kola ya shati.

"Umekula nini leo, Mageni?"

"Bado sijala, mwalimu."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana jioni. Nikila jioni ndiyo basi, mpaka jioni tena. Naondoka nyumbani hata moto haujawashwa."

Krupa alibaki ameduwaa. Msichana huyu aliyekuwa akiwaacha wote nyuma kumbe alikimbia na tumbo tupu, na yeye aliyeshinda akitafuna alishindwa kuvuka uwanja. Akatoa biskuti mfukoni, akamtazama mwalimu.

"Mpe, apate nguvu ya kufika nyumbani," Mwalimu Melania akasema. "Lakini biskuti haziwezi kuwalea." Kisha akawauliza wote nani alikula chochote asubuhi ile. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache mno. Hakumgombeza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, na wazazi wakaitwa mkutanoni Ijumaa kuzungumzia chakula cha watoto shuleni.

Usha, mama yake Krupa, alikwenda kwenye mkutano huo akiwa na neno moja tu la kusema: binti yake asikimbizwe juani. Alilisema mapema, akiwa bado amesimama.

"Mama Krupa, shikamoo," akasema Mwalimu Melania, kwa kuwa Usha alimzidi umri.

"Marahaba, mwalimu. Lakini mtoto wangu anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi."

"Anarudi na vumbi. Je, usiku analala?"

"Analala fofofo," Usha akakiri. "Zamani nilikuwa nambembeleza."

Watu wakacheka, naye akacheka, akakaa. Ndipo mama yake Mageni akainuka. Alisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akaendelea kwa Kiswahili, akiyatafuta maneno taratibu. "Choroko tunazo. Karanga tunazo. Michembe ya viazi vitamu tuliyokausha imejaa majumbani. Sisi tulidhani shule haitaki vitu vyetu, inataka vya dukani. Kama sufuria ipo, mimi naleta choroko Jumatatu."

"Sufuria ipo kwangu," akasema Usha kabla ya mwalimu kujibu. "Kubwa, ya harusi. Na choroko mkiziloweka mkaziacha zichipue, zinaiva upesi, hazimalizi kuni. Kwetu hatuli nyama, choroko ndiyo nyama yetu."

Tangu wiki iliyofuata, saa nne ikigonga, harufu ya makande ya mahindi na choroko yaliyoungwa kwa karanga ilizagaa mpaka madarasani, na hesabu za mwisho kabla ya mapumziko zilifanywa mbiombio. Siku nyingine palikuwa na matobolwa, ile michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa, na wafugaji wakileta maziwa ya mgando watoto walilamba vikombe. Akina mama walipika kwa zamu. Usha na mama yake Mageni walipangwa zamu moja, wakawa wanapiga soga kama watu waliokua pamoja.

Krupa aliacha soda mwenyewe, wala hakuna aliyemkataza. Aligundua kwamba siku asipokunywa, kichomi hakiji. Halafu akagundua jambo kubwa zaidi: kukimbia ni kutamu. Asubuhi moja alimsubiri Mageni kwenye makutano ya barabara, wakaenda shule wakikimbia kandokando ya reli. Kesho yake wakaungana na wengine wawili. Kabla ya mwezi kuisha ulikuwa msururu mzima wa sketi za bluu, na wapakiaji wa mabehewa waliacha mizigo kuwapigia makofi. Mihir alitoka nje ya duka kila asubuhi kuwaangalia wakipita, akijifanya anafagia.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Madereva wa malori waliokuwa wakisubiri mizigo walipanda juu ya maturubai ili waone vizuri. Krupa alisimama kwenye mstari wake, moyo ukimdunda mpaka masikioni. Filimbi ikalia. Msichana wa kwanza alitoka vizuri, wa pili, Rhoda, akajikwaa kidogo, na shule ya ng'ambo ya reli ikatangulia. Krupa akamwona Rhoda anakuja, mkono umenyooshwa. Akaanza kuondoka kama walivyofundishwa, bila kugeuka, akahisi kijiti kikimgota kiganjani. Akakibana.

Kelele za watu zilipotea. Alisikia miguu yake tu, na nyuma yake miguu mingine iliyokuwa ikisogea. Alingoja kichomi kije. Hakikuja. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, akavuta hewa mpaka chini kabisa, na ile miguu ya nyuma ikaanza kubaki. Katikati ya kelele sauti moja ikapenya, ya mama yake, ikimwita kwa Kigujarati aongeze mwendo. Krupa akaongeza. Hakumpita wa mbele, lakini alimkaribia kiasi cha kuona jasho shingoni mwake, akamtia Mageni kijiti mkononi.

Mageni akaruka kama jiwe la manati. Krupa alisimama ameshika magoti, akimtazama akila uwanja, akifika ubavuni mwa yule wa mbele, akimpita mbele ya meza ya waamuzi. Uwanja mzima ukalipuka. Rhoda akamrukia Krupa, wakaanguka wote wawili vumbini, wakibingirika na kucheka.

Usha alikuja mbio, mtandio umemwanguka mabegani. Krupa akajiandaa kuulizwa habari za vumbi.

"Walioshinda wanakwenda Kahama?" mama yake akauliza, akihema.

"Ndiyo, mama. Mashindano ya wilaya ni wiki ijayo."

"Basi mwambie mwalimu kwamba sufuria inakwenda, na mimi nakwenda nayo."

Kahama walikuta wasichana wenye mbio za ajabu, wakashika nafasi ya tatu. Waliporudi Isaka jioni, nyuma ya lori, waliimba njia nzima, na kesho yake asubuhi Krupa alikuta kundi zima limeshamtangulia kando ya reli, ikabidi akimbie kulifikia.