Nyota Nne za Wanafunzi wa Mwalimu Kornel

Mgeni aliyeiangusha kambi ya Hilaria alikuwa mtu mpole. Alikaa siku mbili, akamaliza mtori wa ndizi kila alipopakuliwa, akawaaga watu wote kwa majina yao. Alipofika uwanja wa ndege akaandika mtandaoni kwamba kengele ya misheni hulia usiku wa manane na kwamba mlima hakuuona. Nyota mbili.

"Mlima upo," alisema Mwalimu Kornel, baba yake Hilaria, aliposomewa. "Mjibu hivyo. Na kengele inalia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwandikie."

"Baba, wageni hawajibiwi hivyo."

"Ameandika kitu kisicho kweli."

Kambi yenyewe ilikuwa mahema sita chini ya migomba, katika kihamba, shamba la familia la kurithi, huko Kilema. Kwa ajili yake Hilaria alikuwa ameacha kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Moshi mjini. Wageni wake karibu wote waliletwa na Violet, mwenye ofisi ya utalii mjini, na Violet hakupeleka mtu kwenye kambi yenye wastani wa chini ya nyota nne na nusu. Kambi ilikuwa na maoni ishirini na wastani wa nne na nusu kamili. Maoni ya ishirini na moja yaliuteremsha hadi 4.38.

"Dada Hilaria, mimi sina neno na wewe," Violet alimwambia kwenye simu. "Nikija hapo nalala kama mtoto. Ila orodha inapangwa na kompyuta, na kompyuta haijawahi kulala kwako. Mwisho wa mwezi usipofika nne na nusu, unatoka."

Hilaria alipiga hesabu. Zilihitajika nyota tano tano kutoka kwa watu watano. Ulikuwa mwezi wa Aprili, mvua haikati, na hakuna mzungu aliyetazamiwa. Asipokuwa kwenye orodha, itambidi arudi mapokezi, kama bado watamtaka.

Ndipo alipowakumbuka wanafunzi wa baba yake, waliomaliza kidato cha nne mwaka 1998, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakisema watakutana na hawakutani. Akampigia Valerian, aliyekuwa monita wao na sasa ni wakala wa forodha mpakani Holili. Hakuona ubaya wowote: wangelala, wangekula, wangelipa kama wageni wengine, kisha wangeandika walichokiona. Jambo moja tu hakulisema, idadi ya nyota. Aliona ni aibu kuitaja, na tena haikuwa lazima. Watu hawa walimpenda Mwalimu.

Walikuja Jumamosi, kumi na mmoja, wenye vitambi na miwani, wakajipanga mstari kumwamkia Mwalimu shikamoo mmoja mmoja. Walilala kwenye mahema huku mvua ikinyesha na hakuna aliyelalamika. Jumapili baada ya misa wakaketi barazani na simu zao kuandika maoni. Mwalimu Kornel, bila mtu kumwambia, akaanza kupita katikati yao, mikono nyuma.

Maoni yalikuwa mazuri kuliko yote ambayo kambi iliwahi kupata. "Sijapata kulala mahali pazuri kama hapa." "Chakula hakina kasoro." Na chini ya kila moja, nyota nne. Hilaria aliyasoma yote kumi na moja. Wastani ulikuwa 4.25.

Alimkuta Valerian anapakia gari.

"Kaka Valerian, nne?"

"Nne kati ya tano ni themanini. Themanini ni A, mdogo wangu. Darasa letu A za hesabu zilikuwa tatu tu."

"Kwa wageni, nne ni kufeli."

"Basi hao wageni hawajui kusahihisha." Akafunga mlango wa gari. "Baba yako hajampa mtu mia. Mimi kwenye mtihani wa moko nilipata maswali yote, akanikata mbili, eti saba zangu zinafanana na moja. Tisini na nane! Leo mimi ni nani, nitoe mia kwa hema?"

Hilaria akamweleza yote: Violet, orodha, mwisho wa mwezi. Valerian alisikiliza kama mtu aliyezoea kusikiliza shida za watu mpakani.

"Nikisema wabadilishe, watabadilisha wote," alisema. "Lakini Mwalimu anirudishie alama zangu mbili."

Akatoa kwenye gari karatasi ya mtihani, imehifadhiwa ndani ya nailoni. Alikuja nayo kutoka Holili.

Mwalimu Kornel alivaa miwani, akaomba kalamu nyekundu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akarudi.

"Baba, ni alama mbili tu," Hilaria alinong'ona.

"Ndiyo maana nazitazama."

Baada ya muda akasema, "Hii ni saba. Inasomeka. Nilikuonea, Valerian. Chukua mbili zako."

Hilaria akashusha pumzi. Lakini mzee hakuiweka karatasi chini. Alikuwa amefika swali la kumi na moja.

"Mstari wa tatu umesahau alama ya kutoa. Mstari wa tano umeisahau tena. Makosa mawili yamefutana, jibu limetoka sahihi." Akachora duara. "Njia si sahihi. Ningeliona siku ile ningekata tatu. Tisini na saba."

Valerian aliivuta karatasi yake. Alifuata mstari wa tatu kwa kidole, kisha wa tano.

"Kwa hiyo miaka yote hii nililalamika nimenyimwa mbili," alisema, "kumbe nilizidishiwa moja."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi nairudisha."

Akatoa simu, akaongeza nyota moja. Wale kumi hawakubadilisha. Walisema hawana sababu, mpaka na wao karatasi zao zipitiwe. Wastani ulipanda hadi 4.28.

Tarehe mosi Mei Violet aliitoa kambi kwenye orodha, kwa pole nyingi. Jioni hiyo Hilaria alikuwa akiandika barua ya kuomba kazi hotelini, ujumbe wa Valerian ukaingia. Darasa la 1999 limesikia. Wako kumi na sita, karatasi zao bado wanazo, wanauliza kama Mwalimu anaweza kuwasahihisha upya, na kama kuna nafasi ya mahema kwa siku tatu. Baada yao, la 2000 linataka kujua zamu yake ni lini.

Hilaria aliusoma mara mbili. Barazani baba yake alikuwa anajaribu kalamu nyekundu kwenye gazeti la zamani.

"Waje," akaandika. "Nyota wasiweke."